Maswali na Majibu: Kitabu Gani Kinamfaa Kijana Anayewaza Kujiua?

SWALI: Mimi ni shangazi wa binti mwenye umri wa miaka 15. Wiki iliyopita aliniambia kwamba amechoka, na kwamba watu wa nyumbani wangepumzika kama yeye asingekuwapo. Amekubali kuonana na mshauri nasaha, lakini miadi yake ni baada ya siku 10. Kwa kuwa anapenda sana kusoma, nimefikiria kumtafutia kitabu cha kujisaidia, ila naogopa kwamba kikitaja kujiua waziwazi kitampandikizia wazo hilo. Nichague kitabu cha namna gani?

JIBU: Dada, kabla ya kuzungumzia kitabu kuna swali moja ambalo halifai kungoja siku 10. Mwulize leo, mkiwa wawili tu na kwa sauti ya kawaida: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Ulitaje neno lenyewe. Ukisema "kufanya jambo baya" atajifunza kwamba hata wewe unaliogopa, naye atakuficha.

Hofu uliyonayo ni ya wengi, wakiwamo walimu na hata madaktari, na ndiyo maana ilichunguzwa. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi zaidi ya 2,000 wa shule za sekondari katika jimbo la New York, ambapo baadhi yao waliulizwa kuhusu kujiua na wengine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakupata dhiki wala mawazo ya kujiua zaidi ya wenzao. Na miongoni mwa wale waliokuwa tayari na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), au waliowahi kujaribu kujiua, walioulizwa walionekana kuwa na nafuu kidogo kuliko wasioulizwa. Kwa hiyo usiogope kuuliza.

Akikujibu kwamba amefikiria, na hasa ikiwa amefikiria pia namna au wakati, suala la kitabu liwekwe kando. Asiachwe peke yake, dawa zote na kitu chochote alichokitaja viwekwe mahali asipoweza kuvifikia, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo au ipigwe simu ya dharura. Akikuomba umtunzie siri, mwambie kwa upole kwamba utamtunzia heshima yake, lakini jambo linalohusu uhai wake utalisema kwa wale wanaoweza kusaidia. Hata kama jibu lake si zito kiasi hicho, mpigie mshauri nasaha umweleze maneno aliyoyasema, kwa sababu miadi huweza kuwahishwa pale mtaalamu anapojua ukubwa wa jambo.

Sasa nije kwenye kitabu. Chagua kinachoyataja mawazo ya kujiua kwa jina lake, wala usiridhike na kinachozungumzia huzuni au kujiamini kwa ujumla. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu programu za kujisaidia za kidijitali ulionyesha kwamba zile zinazoyashughulikia mawazo hayo moja kwa moja ziliyapunguza, ilhali zile zilizolenga sonona pekee hazikuonyesha nafuu ya kutegemewa katika jambo hilo. Programu si kitabu, lakini mimi binafsi nimeufuata mwelekeo huo ninapowachagulia vijana maandishi ya kusoma.

Hata hivyo, kulitaja jambo si sawa na kulisimulia kinaganaga. Kitabu kinachoeleza njia ya kujiua, kinachokipamba kifo kama pumziko, au kinachoonyesha kwamba waliobaki hatimaye walimthamini marehemu, kirudishe. Tafuta simulizi za watu waliofika ukingoni wakageuka na kueleza walivyogeuka. Thomas Niederkrotenthaler na wenzake, katika utafiti wa magazeti ya Austria uliochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba habari za watu waliokabiliwa na mawazo ya kujiua wakayavuka bila kujidhuru ziliambatana na kupungua kwa vifo vya namna hiyo, ilhali habari zilizorudiwarudiwa kuhusu waliojiua ziliambatana na ongezeko.

Jambo ninaloliangalia kuliko yote ni iwapo kitabu kina ukurasa wa kujaza. Wanasaikolojia Barbara Stanley na Gregory Brown walitunga mpango wa usalama ambao kijana huuandika kwa maneno yake mwenyewe akiwa ametulia, ili autumie atakapozidiwa. Huanza kwa kuandika dalili zinazomwonyesha kwamba wimbi linakuja, labda kukosa usingizi au wazo fulani linalojirudia. Kisha huandika mambo anayoweza kuyafanya peke yake, halafu watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo hayo hata bila kuyazungumza, halafu watu anaoweza kuwaambia ukweli, halafu wataalamu na namba za simu zao, na mwisho namna ya kuviweka mbali vitu vinavyoweza kumdhuru. Mpangilio huo una sababu yake: hatua moja isipomtuliza, ya pili iko tayari, na hahitaji kufikiri sana katika saa ambayo kufikiri kumekuwa kugumu. Kitabu kisipokuwa na ukurasa huo, chukueni karatasi muuandike.

Kiwe na sehemu fupifupi pia, kwa sababu sonona hudhoofisha umakini, na hata msomaji hodari huweza kushindwa kumaliza kurasa 2. Kimsemeshe yeye mwenyewe. Ningefurahi kukuta ndani yake maneno ya namna hii: "Wazo la kujiua hupanda na kushuka kama wimbi, hata kama sasa linaonekana halina mwisho. Huhitaji kuamua chochote kuhusu maisha yako yote usiku huu. Nawa uso kwa maji baridi, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, kisha nenda kwa mtu uliyemwandika na umwambie: sipo salama, kaa nami."

Usimwekee kitabu kitandani kisha uondoke, kwa maana anaweza kudhani umemkabidhi karatasi ili usimsikilize. Kisome wewe kwanza, kisha msome pamoja sehemu moja na umwulize ni sentensi ipi iliyomgusa na ipi aliyoiona ya uongo; jibu la pili mara nyingi hufungua mazungumzo zaidi ya la kwanza. Kitabu hakichukui nafasi ya tiba, kwa hiyo siku ya miadi aende na ule ukurasa aliouandika, na nakala yake ibaki kwako, kwa kuwa yamkini jina lako limo katika orodha ya watu atakaowaambia ukweli.