Usiandike neno lolote juu ya bango la kozi, mimi nimeshaumia

Mkuu, simama hapo hapo. Hilo bango la Moodle (mfumo wa kufundishia mtandaoni) ulilotuonyesha, lenye jina la kozi, jina lako na tarehe ya jaribio, usilipandishe. Swali lako la faili liwe PNG au JPG tutaliongea baadaye.

Mwaka juzi nilikuwa na kozi ya Msingi wa Uhasibu. Nikampa kazi kijana mmoja anayejiita mbunifu, naye akanihakikishia: "Mwalimu, weka kila kitu kwenye bango, wanafunzi hawasomi maelezo." Elfu thelathini yangu ikaenda. Pikseli 1600 kwa 400, nembo kushoto, kichwa kimesogea kulia, chini yake JARIBIO TAREHE 14. Kwenye laptopu yangu lilikuwa linawaka kama kanga mpya.

Njoo kwenye simu sasa. Bango upana wake ni mara nne ya kimo, ila kwa kiolezo tulichokuwa nacho, nafasi ya kwenye simu ilikuwa mara mbili tu. Mfumo haukuipunguza picha ienee. Uliijaza kimo chote, ukafyeka robo kushoto na robo kulia. Nembo ikapotea. Kichwa kikabaki MSINGI WA UHASI. Kwenye grupu la WhatsApp wakaanza kuulizana kama waje na beberu au koleo mwalimu anayo. Nikacheka nao, ningefanyaje?

Kicheko kiliniisha nilipoona na ile 4 imeliwa. JARIBIO TAREHE 1. Wanafunzi 9 waliingia tarehe 1 asubuhi, wakakuta patupu, wakajua nimeahirisha. Tarehe 14 hawakuonekana. Nikaitwa ofisini kujieleza, nikatunga jaribio jingine la watu 9, nikasahihisha usiku kucha. Nampigia mbunifu anirekebishie, ananiambia faili la asili analo yeye na kulifungua tu ni elfu kumi. Elfu kumi, kwa tarakimu moja!

Tena kuna mwanafunzi asiyeona, anatumia programu ya kumsomea skrini. Kwake bango zima lilisomeka jina la faili tu: "bango final final tatu". Basi.

Picha iwe bila maneno, mkuu. Kitu cha maana kikae katikati, maneno yote yaende kwenye jina la kozi na maelezo ya chini yake. Huko yanajipanga yenyewe kwenye kioo chochote, na tarehe unaibadilisha mwenyewe, bure. Udemy wenyewe, wale wanaouza kozi mtandaoni, hawataki maandishi kwenye picha ya kozi, na hao hawajawahi hata kufundisha kuhasi kwa bahati mbaya.

Utaniambia kwako linaonekana vizuri. Kwangu pia lilionekana vizuri. Lifungue kwa simu ya mdogo wako, ile yenye kioo cha ufa, halafu urudi hapa.

Uliuliza na rangi, sivyo? Weka yoyote.