Ukipanda Kitulo kwa baiskeli mwezi wa saba, pamba iache nyumbani

Mara ya kwanza nilipovuka Kitulo, ule uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, kwa baiskeli kutoka Makete kwenda Chimala, nilivaa kila kilichokuwa kizito kabatini: fulana ya pamba, sweta, na koti nene lisilopitisha hewa. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati ambao huko juu umande wa alfajiri huganda kwenye nyasi. Kupanda hakukunipa shida ya baridi hata kidogo. Jasho lilinitiririka mgongoni mpaka kiunoni, nikajiona nimejiandaa vizuri. Juu kwenye uwanda, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, nilisimama kama dakika kumi kunywa chai na kupiga picha, kisha nikaanza kushuka kuelekea Matamba.

Kona ya tatu nikataka kukamata breki, vidole havikukunjika. Nilikuwa naviona, lakini sivisikii. Baiskeli nikaielekeza kwenye tuta la kando ya barabara, ikasimama hapo, nami nikabaki nimekaa chini natetemeka. Mama mmoja aliyekuwa anachimba viazi akaja, akanipeleka jikoni kwake.

"Hiyo fulana vua kwanza, mwanangu. Imelowa," aliniambia, kabla hata hajaniuliza natoka wapi.

Tangu siku ile nachagua nguo za baridi kwa kuanzia kwenye jasho. Ukipanda, mwili unazalisha joto jingi. Ukishuka, miguu haifanyi kazi, na upepo wa kasi ya kilomita 30 au 40 kwa saa unakupiga kifuani. Kama nguo ya ndani imelowa, upepo huo unalifyonza joto lako lote. Pamba ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inakunywa maji na haikauki upesi.

Kwa hiyo nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu nyembamba au poliesta ya michezo, na ikubane kidogo. Sufu mimi naipenda zaidi kwa kuwa hata ikilowa bado inatunza joto, na haishiki harufu haraka. Huhitaji kwenda duka la gharama. Zangu zote nimezipata kwenye mitumba, Mwanjelwa pale Mbeya. Soma lebo kama bado ipo. Kama imekatwa, mwombe muuzaji uzi mmoja unaoning'inia, uuwashe kwa kiberiti ukiwa pembeni, mbali na nguo zake. Sufu itanuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole. Poliesta itayeyuka iwe kishanga kigumu. Pamba itaungua kama karatasi, na hiyo mwachie.

Juu ya hiyo vaa kitu kimoja tu wakati wa kupanda. Ukianza safari usisikie joto, usikie kabaridi. Baada ya dakika kumi na tano za mlima utakuwa sawa. Jaketi la upepo likae kwenye begi, likavu, lisubiri kileleni. Chagua lenye zipu ndefu ya mbele unayoweza kuishusha kwa mkono mmoja, na mgongo mrefu, maana ukiinama jaketi fupi linaacha kiuno wazi. Yale makoti ya mvua ya plastiki yasiyopitisha hewa kabisa yanazuia mvua, lakini ndani unaloa kwa jasho lako mwenyewe. Kama huna jaketi, chukua gazeti la jana, ulikunjue kifuani chini ya sweta kabla ya kushuka. Waendesha baiskeli wa Tour de France walifanya hivyo miaka mingi kwenye vilele vya Alps, na mimi nimelijaribu Kitulo. Linasaidia kweli.

Glovu ndizo ninazozisisitiza kuliko vyote, kwa sababu mkono uliokufa ganzi hauwezi kushika breki. Beba jozi mbili: nyembamba za kupandia na nene za kushukia. Nilishawahi kuuziwa kwenye duka moja glovu nene nikiambiwa hazipitishi maji. Zilipitisha, na zilikuwa nene kiasi kwamba sikuweza kujua kidole kiko wapi kwenye mkono wa breki. Sasa kabla ya kulipa navaa glovu, naweka sarafu ya shilingi 100 mezani, najaribu kuiokota. Ikinishinda, sinunui.

Viatu vinataka nafasi. Watu wengi wanavaa soksi mbili nene kwenye raba ileile inayowabana siku zote, damu inashindwa kupita, vidole vinapoa zaidi. Soksi moja ya sufu kwenye kiatu ambacho vidole vinacheza inatosha. Kichwani usiweke kofia nene ya kufuma chini ya helmeti, kwa kuwa helmeti itakaa juu juu na haitakulinda ukianguka. Kitambaa chembamba kinachofunika masikio kinatosha. Magoti yafunike.

Kileleni, kabla hujagusa chai, badilisha fulana. Najua ni tabu kuvua nguo kwenye upepo ule, lakini ni nusu dakika tu, na hiyo fulana kavu ndiyo itakayokubeba mpaka Matamba. Kama mnakwenda wawili, mwangalieni mwenzenu. Akianza kuongea kwa kuburuza maneno, au alikuwa anatetemeka na sasa ameacha ilhali bado amepoa, msiendelee na safari. Mpelekeni kwenye nyumba ya karibu, mumvue nguo zilizolowa na mumfunike.

Begi liwe la lita 15 au zaidi, na libane vizuri mgongoni. Kutoka Matamba unateremka zile kona wanazoziita Hamsini na Saba, na joto linaongezeka karibu kila kona. Utasimama mara mbili au tatu kuvua: kwanza glovu nene, halafu jaketi, halafu kitambaa cha masikio. Chimala utafika na fulana moja, jua linawaka, na vyote hivyo lazima vipate mahali pa kukaa.