Simu imeingia maji ya bahari, mchele haukusaidia

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Mimi nauza samaki hapa Bagamoyo. Juzi alfajiri nimeshuka majini kupokea mzigo kwenye ngalawa, simu nimeifunga kwenye pindo la kanga kiunoni nikasahau kabisa, maji yakanifika kifuani. Kuitoa ilikuwa bado inawaka, nikaifuta nikapiga hata simu mbili, alafu mwenzangu akasema itie kwenye mchele. Imelala kwenye mchele kilo mbili mpaka kesho yake, ikawa nzima tu, nikaweka chaji, kufika saa kumi jioni imepata moto kama pasi ikazima mpaka leo. Dukani waliniambia ni IP68 haiingii maji. Sasa fundi mmoja anasema imekufa nimuachie kwa elfu ishirini iwe spea. Humo kuna picha za marehemu mama na M-Pesa ya biashara. Nimuachie? (Mama Zai)

JIBU: Marahaba dada yangu, pole kwa simu na pole kwa mama. Usimuachie, angalau sio leo.

Tuanze na hela maana najua ndo inakunyima usingizi. Hela haimo kwenye simu wala kwenye laini, ipo kwenye akaunti yako kule mtandaoni kwao. Chomoa laini, ifute vizuri, iweke kwenye kitochi chochote, piga *150*00# utaiona hela yako imekaa. Laini ikigoma nenda na namba yako ya NIDA na kidole chako wakurinyulie, namba inabaki ileile.

Sasa hiyo IP68. Watu wa dukani wanaitamka kama hirizi. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ndo ya maji: 7 ni mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni zaidi ya hapo kadiri kiwanda chenyewe kilivyotaja. Ila hayo majaribio yanafanywa na simu mpya tena kwenye maji baridi, sio ya chumvi. Kinachozuia maji ni gundi na vimpira pembeni, vinachoka, na kama simu yako ilishawahi kufunguliwa kubadilishwa kioo basi hiyo IP68 ilibaki kwenye boksi.

Na bahari dada ni kitu kingine kabisa. Lita moja ya maji yake ina kama gramu 35 za chumvi. Mchele hata ungefyonza kila tone, chumvi ingebaki humohumo ndani, na wewe unajua chumvi ya kwenye kopo inavyolowana yenyewe kipindi cha masika, basi ndivyo inavyofanya juu ya bodi ya simu, inavuta unyevu wa hewa na hewa ya pwani ndo hiyo. Mwanzoni mwa 2024 hata Apple waliwaambia wateja wao waache mambo ya mchele, kwamba vipande vidogo vya mchele vinaweza kuharibu simu. Mi nimeshatoa punje nzima kwenye tundu la chaji kwa kibanio, kwahiyo sikushangaa.

Ndo maana asubuhi iliwaka ikakudanganya. Maji peke yake hayaui simu haraka, kinachoua ni umeme kupita kwenye yale maji ya chumvi, unakula shaba ya kwenye bodi, ukifungua unakuta ukungu wa kijani. Zile simu mbili ulizopiga, na ile chaji, ndo zilimaliza kazi. Kupata moto ni dalili ya shoti, umeme unapita pasipo pake.

Lakini shoti sio kifo. Tafuta fundi mwenye mikroskopu, sio mwenye bisibisi tu. Achomoe betri kwanza kabla ya chochote, afungue vile vifuniko vya bati, aoshe bodi kwa spiriti ya asilimia 99 na brashi laini alafu atafute shoti iko wapi. Spiriti ya famasi mara nyingi ni 70, yaani inayobaki karibu yote ni maji, utakuwa unaoga ukiwa kwenye matope. Akikutolea petroli au tina ondoka, zinayeyusha plastiki na zinaweza kuwaka moto. Betri hiyo usiirudie, ilishapata joto, na kama imevimba asiitoboe mtu.

Muhimu kuliko yote mwambie hivi: sitaki ipone, nataka iwake saa moja tu nitoe picha. Hiyo ni kazi tofauti na inawezekana hata kwa bodi iliyoliwa. Kuna watakaokwambia watang'oa chipu ya memori waiweke kwenye simu nyingine, simu za siku hizi hazikubali, picha zimefungwa kwa ufunguo uliopo ndani ya prosesa ya simu hiyohiyo, kwahiyo lazima bodi yenyewe ifufuke japo kidogo. Na ukae hapohapo anapofanya kazi, sisemi kitu, kaa tu.

Ila kabla hujatoa hata mia, chukua simu ya Zai, ingia kwa Gmail yako ufungue Google Photos. Watu wengi picha zao zilishapanda huko bila wao kujua.

Siku nyingine ikitumbukia: zima palepale, usipige hata simu moja. Toa laini. Kama ni bahari isuuze kwa maji ya bomba, najua inasikika kama wazimu, ila imeshalowa tayari na maji ya bomba ndo yatapunguza chumvi. Kung'uta taratibu tundu la chaji likiangalia chini, ifute, isimamishe mbele ya feni siku nzima au mbili. Sio juu ya bati juani, sio drayer, na pamba usiingize tunduni. Chaji ndo iwe ya mwisho kabisa.

SWALI: Fundi mambo, mtoto kamwaga chai ya maziwa kwenye laptop ya ofisini, nimefuta juu inafanya kazi fresh. Niendelee tu? (Baba Ima)

JIBU: Poa, ila unaisoma hii ukiwa umeiwasha sio? Chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuzima usikiachie mpaka izime, ifungue uigeuze kifudifudi isimame kama paa la nyumba, kibodi ikiangalia chini, ili chai irudi ilikotoka. Sukari na maziwa vinaganda chini ya vitufe, na chai iliyofika kwenye bodi inakula taratibu, wiki ya pili ndo utanitafuta. Ipeleke ikafunguliwe ioshwe. Na ofisini sema mapema, kabla herufi hazijaanza kunata.