Jibu: Mama mwenye nyumba amenuna kwa sababu ya viazi

Habari dada. Unasema umepanga kwa familia ya Kigujarati huko Ahmedabad, India, hupiki nyama wala mayai, na bado mama mwenye nyumba amenuna ulipokaanga viazi. Kwanza ulizia kama ni Wajaini, yaani wafuasi wa Ujaini, dini ya huko India inayokataza kudhuru kiumbe chochote. Hao wengi hawali vya kung'oa ardhini: viazi, vitunguu, saumu, karoti. Kwao kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vidudu vya udongoni. Mimi nilipokaa kwao nilipika bamia, nyanya na dengu, nikitia mvuje kidogo (kiungo cha utomvu mkavu wa mmea) kwenye mafuta ya moto. Mbichi unanuka, balaa! Ukikaangika utadhani kitunguu. Viazi kale hotelini, usiviingize hata kwenye friji yao. Na pika mapema, wengi hula kabla jua halijazama.