Usipake Rangi Mistari Yako Peke Yake: Kwa Wanaoanza Idara ya Kiitaliano

Wadogo zangu, juma lililopita nilipita kwenye mazoezi ya igizo la idara nikamkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameinamia nakala yake, kalamu ya rangi ya njano mkononi, akipaka mistari ya mhusika wake na kuiruka mingine yote kana kwamba haimhusu. Niliondoka kimya, kwa sababu ningefungua mdomo pale ningesema kwa ukali, na ukali wenyewe ungekuwa wa mtu aliyejiona kwenye kioo. Kwa kuwa najua kijana huyo hayuko peke yake, nayaandika hapa niliyopaswa kumwambia, na nitajitahidi kufuata namba.

1. Meza ya mazungumzo. Hudhurieni kila wiki. Kukaa kimya mara mbili za kwanza kunasameheka, mara ya tatu ni uvivu. Tena, zikawizeni konsonanti pacha, ambazo Kiswahili hakikutuzoeza. Kila mwaka hatukosi mtu anayejitambulisha, akifika kwenye umri, badala ya kusema ana «anni» (miaka) ishirini, akasema ana «ani» ishirini, ambavyo ni viungo vya mwili ambavyo binadamu hutosheka na kimoja. Mgeni Mwitaliano hutazama pembeni kwa adabu. Sisi wakubwa zenu hatuna adabu hiyo.

2. Usiku wa filamu. Maandishi ya chini yawe ya Kiitaliano, wala si ya lugha mnayoijua vizuri zaidi, kwani mtajikuta mmesoma saa mbili bila kusikia neno.

3. Igizo. Mwaka wangu wa pili tuliigiza «La locandiera» ya Goldoni, mwandishi wa tamthilia wa Venice, komedia iliyoonyeshwa Venice mwaka 1753, nami nikapewa nafasi ya Fabrizio, mtumishi wa nyumba ya wageni anayetaraji kumwoa mwenye nyumba hiyo, Mirandolina. Nilifanya kile kile alichokuwa akikifanya kijana wa kalamu ya njano: nilipaka mistari yangu, nikakariri maneno matatu ya mwisho yanayoutangulia kila mmoja, basi. Nilikuwa wa kwanza kuiweka nakala chini mazoezini, mwalimu akanisifu mbele ya wenzangu, na sifa ile ndiyo iliyoniponza, maana tangu siku hiyo sikufungua tena kitabu.

Mnaijua sehemu ya 3: Mirandolina anapiga pasi, Fabrizio anatumwa jikoni, anarudi na pasi ya moto, anatumwa tena, huku yule Cavaliere, kabaila mgeni wa nyumba hiyo, aliyejigamba kwamba hawataki wanawake akizidi kuyeyuka kwa mapenzi. Usiku wa onyesho ukumbi ulijaa, na wageni Waitaliano waliketi safu ya mbele. Mwenzetu aliyeigiza Mirandolina aliingiwa na hofu akaruka karibu nusu ukurasa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, pasi mkononi, nikiyasubiri maneno yangu matatu, nayo yalikuwa yamebaki kwenye nusu ukurasa ule. Cavaliere alipumua kwa huzuni mara moja, akapumua tena, na mara ya tatu tukajua kwamba hana kingine cha kufanya. Ndipo Mirandolina akaita kwa sauti, «Fabrizio!»

Niliingia mbio. Akanyoosha mkono ili apokee pasi. Katika kichwa changu palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Mirandolina anamnyooshea Fabrizio mkono, napo ni mwishoni kabisa, anapokubali kuolewa naye. Nikaiweka pasi sakafuni, nikaushika mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikatamka kwa sauti kubwa, konsonanti pacha zote zikiwa mahali pake, maneno ya bwana harusi.

Walioijua tamthilia walicheka kwanza. Cavaliere alibaki kinywa wazi. Mirandolina akaninong'oneza, «Il ferro!», neno la pasi, ambalo nililisoma muhula wa kwanza, lakini kwa kuwa halikuwa miongoni mwa maneno yangu matatu sikulielewa, nikaendelea kumshika mkono na kutabasamu. Basi akajitungia mstari papo hapo: akasema habari za ndoa tutazizungumza nguo zikiisha, na kwa sasa niokote pasi kabla haijaunguza sakafu. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Yalikuwa makofi yake. Alikuwa ndiye aliyekosea kwanza, lakini aliisoma komedia nzima, akajua mwanamke huyu angesema nini akisumbuliwa na mtumishi mwenye haraka ya kuoa.

Ningeweza kuivumilia aibu ile kama isingekuwa swali la baadaye. Mzee mmoja wa safu ya mbele alinijia, akanipongeza kwa matamshi, kisha akaniuliza kwa Kiitaliano cha taratibu baba yake Mirandolina aliwaambia nini wawili hao kabla hajafa. Nilimjibu kwamba simkumbuki baba yeyote katika igizo. Akanitazama kwa huruma. Habari ya baba huyo imo katika mstari wa Fabrizio, katika sehemu ya 1. Nilikuwa nimeutamka mwenyewe usiku ule ule, mbele yake.

Kwa hiyo: someni tamthilia yote mara mbili kabla ya kugusa kalamu, na mazoezini mbadilishane wahusika angalau siku moja.

4. Kukariri Dante, mshairi mkuu wa Italia. Tarehe 25 Machi, ambayo Italia imeiita rasmi Dantedì (Siku ya Dante) tangu 2020, idara yetu hushindanisha wakariri. Aliyezoea mashairi ya Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu vina ni ngazi: kina cha mshororo wa kati wa kila ubeti wa mishororo 3 ndicho kinachoanza na kumaliza ubeti unaofuata, kwa hiyo ukipotea, kina kitakurudisha njiani. Ila msihesabu mizani kama mlivyozoea. Ni 11, lakini irabu inayomaliza neno mara nyingi huungana na irabu inayoanza neno la pili, na anayezitenganisha hupata 13 na kumlaumu Dante.

5. Vyeti. Najua mnaupenda ukuta wa picha za waliofaulu. Nami nimo, kona ya chini. Katika CILS, mtihani wa Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, ngazi ya B2 ina sehemu 5 zenye alama 20 kila moja, na lazima upate angalau 11 katika kila sehemu. Mwenzangu mmoja alipata 19 kwenye kusoma na 10 kwenye kusikiliza, akatumia juma zima kutueleza wastani wake, ambao hakuna aliyemwuliza. Kusikiliza ndiko mnakokudharau. Rudini namba 2.

6. Barua za mialiko ya Wiki ya Lugha ya Kiitaliano Duniani, kila Oktoba. Mgeni mnayemwandikia ni «Lei», yaani «wewe» ya heshima, tangu salamu hadi sahihi. Msianze na «Lei» mkamalizia na «tu», «wewe» ya marafiki, kwa uchovu. Wala msitumie «voi» ya Goldoni, namna ya zamani ya kumwita mtu. Nilimwandikia mgeni mmoja hivyo baada ya miezi minne ya kuwa Fabrizio, na jibu lake lilikuja likiuliza, kwa ucheshi, kama nimepata nafasi ya kupiga pasi.

Nakala mpya za igizo la mwaka huu nimeziacha juu ya meza ya maktaba ya idara. Hazijapakwa rangi. Kalamu za njano nimezichukua, na atakayeitaka yake aje kwangu, anisimulie sehemu ya 1 yote, pamoja na mambo ambayo mhusika wake hayajui.