Ukitaka kusikiliza mwamba, anza na nyaya zako

Wadogo zangu mnaosoma jiolojia huniuliza: unajuaje mwamba umepasuka vipi kilomita kadhaa chini ya miguu yako, na kifaa umekiweka juu tu? Acha nianze na aibu yangu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulitega jiofoni 7, yaani vihisio vya mtikisiko wa ardhi, kwenye vilima vya Mwanza, kuanzia Bwiru hadi upande wa Nyegezi. Ndani ya jiofoni kuna sumaku na koili tu. Ardhi ikitikisika hupishana, umeme kidogo unazaliwa, nao ndio unaorekodiwa. Tulikuwa tunawinda vijitetemeko ambavyo hata aliyelala hashtuki, si kama lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, ambalo hata huku Mwanza lilitutoa ndani.

Sasa kutanisha viganja kama unayesugua sabuni, kila kiganja kiwe upande mmoja wa ufa. Cha kulia peleka mbele, cha kushoto rudisha nyuma. Mwamba ulio mbele ya kiganja cha kulia unasukumwa, wa nyuma yake unavutwa. Kushoto ni kinyume. Eneo zima linagawanyika robo nne, mbili za kusukumwa na mbili za kuvutwa. Kwenye robo ya kusukumwa, mchoro wa kihisio huanza kwa kuruka juu. Kwenye ya kuvutwa, huanza kwa kuzama. Ukiweka alama za juu na chini kwenye ramani, unatafuta mistari miwili inayozitenganisha. Mmoja ndio ufa. Upi? Alama hazikwambii, angalia vijitetemeko vinavyofuata vimejipanga upande gani, au nyufa unazoziona kwenye mawe ya pale.

Ndiyo maana usipange vihisio kwenye mstari mmoja kando ya barabara kwa sababu gari linafika. Vizungushe. Na kimoja kiwe karibu na juu ya kitetemeko chenyewe, la sivyo kina chake utakuwa unakibuni. Umbali ni rahisi zaidi: wimbi la kwanza la tetemeko, lile la haraka, likitangulia la pili, lile la polepole, kwa sekunde 1, tetemeko liko kama kilomita 8 kutoka ulipo.

Mwanza ina mtego wake. Yale mawe yaliyobebana yanayopigwa picha na wageni hayajashikana na mwamba wa chini. Ukifunga kihisio juu yake utarekodi jiwe linavyocheza, si dunia. Shuka utafute mwamba mama, safisha udongo, kisha ubandike kihisio kwa plasta ya jasi. Kelele za bodaboda, wagonga kokoto na mawimbi ya ziwa utapambana nazo tu. Mimi naamini zaidi rekodi za saa nane usiku.

Turudi kwenye aibu. Nilichora ufa wangu, nikaupeleka kwa bosi kwa mbwembwe. Wiki iliyofuata machimbo moja ya mawe yakalipua baruti. Mlipuko husukuma pande zote, kwa hiyo vihisio vyote vilipaswa kuanza kwa kuruka juu. Sita viliruka. Cha Bwiru kikazama.

Nilipanda Bwiru jua la saa saba. Nikafungua boksi: waya wa chanya na wa hasi nilikuwa nimevigeuza mwenyewe wakati wa kulehemu. Alama moja iliyokosewa kati ya saba ilitosha kuugeuza ufa wangu uelekee kwingine kabisa. Rekodi hazikupotea, kwenye kompyuta unazidisha kwa hasi moja na kazi imekwisha, ila kurudi kwa bosi ndiko kulikuwa kazi. Kama jirani hakuna machimbo, subiri tetemeko kubwa la mbali sana: wimbi lake huvifikia vihisio vyote likiwa na mwelekeo uleule, na mkorofi anaonekana mara moja.

Siku hizi natembea na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, nilikinunua Makoroboi, na kila waya wa chanya naupaka. Mke wangu alipokikuta mfukoni alinihoji kwa muda mrefu kuliko bosi.