Nampakata mwanangu tukiangalia katuni. Je, inatosha?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Kila jioni tunaangalia katuni pamoja, nikiwa nimempakata mwanzo hadi mwisho. Wifi yangu anasema televisheni itamchelewesha kuongea. Mimi nasema anayeathirika ni mtoto anayeachwa peke yake. Kwa sasa anasema maneno kama kumi hivi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri, mama. Kabla sijaamua ugomvi wa mawifi, nikuulize: ukiwa umempakata, huwa unasema nini? Wazazi wengi nikiwauliza hivyo hucheka, kwa sababu wanakumbuka walikuwa kimya, na simu mkononi.

Mtoto wa umri huo hujifunza lugha kwa kujibizana. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliocheza na mzungumzaji ana kwa ana walianza kuzitofautisha sauti za lugha ile. Waliomwona kwenye televisheni hawakupata kitu. Mtu aliye mbele ya mtoto huona anachokitazama, hukitaja, kisha humsubiri. Katuni haimsubiri. (Ndiyo maana kuongea na bibi kwa simu ya video si kubaya: bibi anajibu.)

Kwa hiyo kumpakata ni kuzuri, ila kama wote mko kimya, sikioni mwake ni karibu sawa na kuwa peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi skrini kabisa kabla ya miaka 2. Kuanzia 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku.

Hujaniambia kama televisheni huendelea kuwaka katuni zikiisha. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu mkubwa zaidi. Mwangalie siku moja akiwa sakafuni anapanga vibao huku taarifa ya habari ikiendelea. Muziki wa tangazo ukilia, anageuka. Akirudi, kibao kimeshasahaulika na anaanza kingine. Nanyi wakubwa pia mnapunguza kuongea naye. Utafiti wa 2009 uliowavisha watoto vinasa sauti uliona kwamba kila saa televisheni iliposikika, maneno ya watu wazima yaliyomfikia mtoto yalipungua kwa takriban 770. Televisheni huenda si sababu pekee ya pengo hilo, lakini mimi ningeizima.

Mkiangalia, chagueni kipande kifupi kisicho na mbiombio, mkirudie hata siku tatu. Shika rimoti. Paka akijificha, simamisha: “Paka yuko wapi?” Kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo mpaka tano. Kimya hicho huwashinda wazazi wengi, hujijibia wenyewe. Akinyoosha kidole na kusema “aka”, mwongezee: “Ndiyo, paka! Paka amejificha.” Baadaye zima, ujifiche nyuma ya pazia, akutafute. Mchezo huo utamfundisha neno “kujificha” kuliko katuni yenyewe. Saa moja kabla ya kulala, skrini zote zifungwe.

Kuhusu maneno kumi: kwa miezi 20 ni machache, lakini hesabu pekee hainitishi. Je, anageuka ukimwita jina akiwa amekupa mgongo? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Anaelewa “lete kiatu” bila wewe kukionyesha? Kama jibu ni hapana, hata kwa moja tu, mpeleke akapimwe usikivu sasa. Hata kama yote ni ndiyo, akifika miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, kama “mama njoo”, mpeleke vilevile. Usikubali kuambiwa kwamba wavulana huchelewa au kwamba ni televisheni tu, kabla masikio yake hayajapimwa.